Meza ya Vilivyovunjika

Ndugu yangu Barnaba,

Nimekwisha kuswali alasiri, mlango mkubwa wa karakana nimeufunga, nami nimeketi katika kiti chako bila kukuomba ruhusa. Ungekuwapo ungesema, "Shehe wa grisi, hicho kiti kina mwenyewe." Walikipandisha kwenye ofisi ya juu, nikakishusha, wakakipandisha tena, nikakishusha tena. Sasa wameniacha nacho.

Wazee walionisomesha Kurani hapa Kaloleni, katika chumba kile cha mabati kando ya msikiti, walinifunza kwamba aliyetangulia hafikiwi kwa karatasi. Sijalisahau funzo hilo. Nakutaja mbele ya Mola kila alfajiri kwa adabu na mipaka niliyofunzwa, na yanayozidi hapo namwachia Yeye ambaye rehema yake ni pana kuliko vichwa vyetu. Mkeo naye anakuombea kanisani kwa namna mliyoizoea. Kwa hiyo waraka huu si dua. Ni taarifa ya kazi. Ulikuwa mtu wa taarifa, mtu akiingia asubuhi na salamu ndefu ulimkatiza, "Watoto wako ni wazima, Mzee, nimewaona barabarani. Mashine zikoje?"

Mashine ni nzima. Lakini palikuwa na majuma ambayo nisingeweza kukuandikia neno hilo.

Tangu tulipokurejesha nyumbani kwenu Port Victoria, mvua za masika zimekuja na kupita. Wanafunzi walihudhuria mazishi wakiwa wamevaa ovaroli za karakana, zimefuliwa na kupigwa pasi, na shemeji zako wakadhani ni watu wa umeme waliokuja kukata stima siku ya msiba. Mama Atieno, mkeo, alicheka pale kwa mara ya kwanza tangu uzimike. "Waacheni," akasema, "hao ni watoto wa Barnaba." Yeye hajambo. Kwa muda mrefu aliendelea kukupakulia chakula cha jioni, na watu wa nyumbani wakanyamaza. Binti yenu aliniambia kwamba hakulia siku zile alizokuwa akipakua. Alilia siku alipoacha.

Ghuba yetu usingeitambua. Gugumaji limeenea hata ukisimama gatini asubuhi huoni ziwa, waona shamba la kijani linalopumua polepole. Mitumbwi huingia ndani yake ikakwama kama ng'ombe kwenye matope, na pangaboi za injini husokotwa na mizizi mpaka zikakatika. Wanafunzi wawili watatu wameifanya balaa hiyo kuwa kazi yao ya mwaka wa mwisho. Mmoja wao ni Akinyi, yule msichana mrefu wa Dunga uliyemkemea siku yake ya kwanza kwa kuingia na bangili. Nimtaje mapema, kwa sababu habari yenyewe ni yake.

Habari yenyewe ni ya meza. Wewe waijua kuliko mimi, ila niruhusu niipange tangu shinani, kwani nikiidaka katikati nitapoteza uzi.

Karakana ilipofunguliwa katika miaka ya themanini, chuo kilikuwa na wanafunzi wachache na hofu nyingi. Mashine zilikuwa mpya, zinang'aa. Wahadhiri walizitaka kwa tafiti zao, wanafunzi walizitaka kwa masomo yao, na sisi mafundi, nasema kweli, tulizitaka zikae kimya zisiharibike. Wewe ulikuwa mhadhiri, ungeweza kuwapendelea wenzako. Badala yake ukaigawa siku: asubuhi ya wanafunzi, alasiri ya wahadhiri, na kila mtu kwa mikono yake mwenyewe. Hukukubali fundi amkerezee mwanafunzi chuma chake, wala hukukubali mwanafunzi amkerezee mhadhiri wake. "Mtu hali kwa mdomo wa jirani," ulisema, na wakubwa wakakuona mkaidi.

Kisha ikavunjika keekee kubwa, ile ya kutobolea vyuma vinene. Aliyeivunja hatukumjua. Opiyo wa stoo aliikuta ndani ya pipa la taka za chuma, imefukiwa kwa makusudi, kama paka afukiavyo. Tulikutazama tukingoja ghadhabu. Wewe ukaamuru mashine zote zizimwe, ukatuita tuizunguke ile meza ya mbao iliyo mbele ya stoo, ukaiweka keekee juu yake, ukatuhadithia mambo ya ufukoni kwenu.

Kwenu, ulisema, wavu ukichanika hakuna anayeondoka. Watu wa mtumbwi mzima huketi mchangani, wakautandaza wavu magotini, na yule aliyekuwa ameshika kamba husema kwa sauti, mbele ya wote, ulinasa wapi: jiwe lipi, upande gani, na yeye alivuta vipi. Hatukanwi. Akishasema haulizwi tena, si siku ile wala mwaka ujao. Asiposema, kesho wavu wa mwenzake utachanikia pale pale. Ulipomaliza, kijana mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono, akasema ni yeye.

Nilikuuliza baadaye kama mambo hayo hayakutoka katika maungamo ya kanisani kwenu. Ulicheka. "Kanisani mtu huungama kwa sauti ya chini, Mzee. Hapa ni kwa sauti ya juu, ili mwenzako asikatwe kidole." Nami nikakueleza kwamba kwetu toba ina masharti yake: uliache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia, na kama ulimpunja mtu haki yake, umrudishie. Ukayahesabu kwa vidole vyako vyeusi kwa mafuta, ukasema, "Hilo la mwisho hatuna. Tuliongeze." Ndivyo ilivyokuwa kanuni kwamba aliyevunja ndiye atakayetengeneza, na sisi wengine tumshikie taa.

Na lile swali lako ndilo lililokuwa kifuniko cha chungu. Mtu akishaeleza, ulikuwa ukitutazama mmoja mmoja, profesa na mwanafunzi bila kubagua, ukauliza: "Ni nani hapa ambaye mkono wake usingeweza kufanya hivi?" Ukangoja. Hapakuwa na aliyejibu, na katika ukimya huo aliyevunja alianza kupumua. Mara moja tu ulijibiwa. Ulikuwa umeangusha chupa ya chai ya moto ya mafundi wote, ukaileta mezani ikiwa inalia vigae ndani yake, ukaeleza kwa kicho jinsi kiwiko chako kilivyoigonga, ukauliza swali. Opiyo akasema, "Mimi, Mwalimu. Mimi nakunywanga maji." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Ulipolazwa, siku ya mwisho niliyokukuta na nguvu ya kusema, uliniuliza kama kuna kitu mezani. Nikasema hakuna kitu. Ukafumba macho, nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Basi ama mmekuwa hodari, ama mmeanza kuficha."

Neno hilo nililichukua nikarudi nalo nyumbani, na limekaa nami.

Aliyekurithi katika uongozi wa idara ni Daktari Wekesa. Usimdhanie vibaya. Ni mtu mwadilifu, mpole wa sauti, mwenye kufunga tai hata wakati wa jua la Februari, na anapoingia karakanani huivua bila kuambiwa. Ameshughulika miaka mingi na pampu ya kunyanyulia maji kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, na sehemu zake huzichonga mwenyewe. Lakini amekuja na donda moyoni. Katika chuo alichofundisha kabla ya kwetu, kijana mmoja alipoteza vidole kwenye mashine. Aliniambia hayo tukiwa wawili tu, akitazama dirishani, nami sikumwuliza zaidi.

Basi wanafunzi wamekuwa wengi maradufu ya wale wa zamani zako za mwanzo, mashine zimezeeka, na vipuri havipatikani. Daktari akaandaa pendekezo la kupelekwa kwenye baraza la kitivo mwisho wa muhula: wanafunzi wachore, mafundi wakereze, wahadhiri watumie mashine kwa utafiti. Mwanafunzi angeingia karakanani kuangalia tu, amesimama nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni kwa rangi ya manjano. Nilimwendea ofisini. Nilimwambia kwamba mtu hafundishwi kuogelea kwa kuonyeshwa ziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama asikilizavyo mtu aliyelelewa vizuri, akasema, "Mzee Ramadhani, nakuheshimu. Tungoje baraza; muhula ukiisha salama, nitalifikiria upya. Lakini kikitokea kitu hapa katikati, mimi sitakuwa na la kuwaambia. Nitaomba mstari uchorwe."

Nilitoka pale nikiwa nimebeba karakana nzima mabegani. Sikuogopa kupungukiwa kazi. Pendekezo lile lingetuzidishia kazi sisi mafundi, na heshima pia. Niliogopa kitu kingine. Niliwaza vijana wanaotoka Seme na Nyakach na Ugenya, ambao hawajapata kushika chuma kikawatii, wakihitimu na shahada bila kujua chuma kina joto gani kikikatwa. Wangekuwa wahandisi wa kalamu. Na wewe, Barnaba, ungekuwa umekufa mara ya pili, safari hii kwa muhuri.

Tulikuwa na majuma machache. Tulienda kwa tahadhari kama watu wabebao mayai.

Asubuhi moja Akinyi alikuwa kwenye ile mashine kubwa ya kukereza, iliyo karibu na dirisha la ziwani, anakereza mhimili wa mashine yake ya kukatakata gugumaji. Daktari Wekesa naye alikuwa ameingia mapema kuliko kawaida, yuko upande wa pili kwenye mashine ya kuchonga, kwa kuwa pampu yake ilikuwa ikingojwa Ahero. Mimi nilikuwa kwenye jiwe la kunolea. Umeme ukakatika. Wajua jinsi karakana inavyozimika: si giza linalokushtua, ni ule ukimya, mashine zote zikishusha pumzi kwa pamoja. Watu wakatoka nje kutazama kama ni chuo kizima au ni sisi tu.

Akinyi hakutoka. Alikuwa mbioni, akaona afadhali autumie muda ule kubadilisha mwendo wa mashine kwa ajili ya mkato wa pili, wakati imesimama. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ila hakuizima swichi. Mashine ile ni ya zamani, swichi yake haijifungi yenyewe umeme ukipotea. Hukaa wazi, yaani imewashwa, ikingoja umeme urudi. Mkono wake ulikuwa kwenye mpini wa kubadilishia gia, gia zimeingiliana nusu, umeme ukarudi.

Nilisikia sauti ambayo mtu wa kazi hii huisikia tumboni kabla ya masikioni. Nilipofika alikuwa amekwisha kuizima, amesimama na mikono yote miwili juu ya kichwa. Mikono ilikuwa mizima. Nilimshukuru Mola kwanza kwa hilo, kwa sauti, kabla sijatazama chuma. Kisha tukafungua kifuniko. Gia moja ya kichwani mwa mashine ilikuwa imepukutika meno matano mfululizo, kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Opiyo alifika, akachungulia, akashusha sauti. "Mzee, hii gia imechoka. Imezeeka kuliko huyu msichana na mamake. Tuseme tu imechoka, baraza ipite, halafu ndio tuiweke kwa meza." Alisema kwa huruma, si kwa hila, nawe wajua Opiyo hana hila. Na hakika ilikuwa hivyo: gia ilikuwa imezeeka. Uongo wenyewe ungekuwa na nusu ya kweli ndani yake.

Akinyi alinitazama mimi. "Mzee, nikisema, si watafunga?"

"Huenda wakafunga," nilimwambia.

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya kilichotokea."

Sikumwamulia, Barnaba. Nilifunzwa kwamba aliye na ulimi hasemewi. Alisimama pale, ovaroli imemlegea mabegani, akiitazama ile gia kiganjani. Upande mmoja walikuwepo wenzake wote na mikono yao. Upande wa pili ilikuwepo meza ya mbao tu, ambayo hata miguu yake hailingani. Kisha akachukua kitambaa, akaifuta gia mafuta taratibu kama afutaye uso wa mtu. "Opiyo, asante, lakini usinisaidie hivyo," akasema. "Kesho stima itapotea tena. Mwingine atafanya kama mimi, na yeye pengine hatatoa mkono haraka."

Akapita kwenye kila mashine iliyokuwa ikizunguka, akiomba izimwe.

Zilipokwisha kuzimwa zote, Daktari Wekesa, aliyekuwa ameisimamisha yake ili apime kipande chake, aliinua kichwa. "Ni nini? Stima imepotea tena?"

"Hapana, Daktari," nikasema. "Kuna kitu mezani."

Alikuwa amesikia habari za meza, ila hakuwa amewahi kusimama mbele yake. Alikuja akifuta mikono, akasimama kati ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na yule mhadhiri wa umeme, Bi. Nafula, aliyekuwa amekuja kuazima bisibisi na akajikuta amezingirwa. Akinyi akaweka gia juu ya mbao. Akaeleza. Hakulia, wala hakujitetea kwa uzee wa gia, ingawa Opiyo alikuwa akimfanyia ishara ya nyusi. "Stima ilipotea, mimi nikabadilisha mwendo. Swichi sikuzima. Iliporudi, gia ilikuwa imeingia nusu. Mimi ndio niliivunja." Akashika ncha ya meza.

Kisha wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Katika hofu yangu yote nilikuwa nimesahau kwamba mwenye kuuliza lile swali alikuwa wewe, na kwamba tangu uondoke hakuna aliyeliuliza. Niliona aibu kulitamka, kama mtu avaaye joho la mwingine. Lakini Akinyi alikuwa amesimama pale peke yake, na mtu hapaswi kuachwa mahali pale kwa muda mrefu. Nikauliza, kwa maneno yako na kwa sauti isiyokuwa yako: "Ni nani hapa ambaye mkono wake usingeweza kufanya hivi?"

Vijana walitazama viatu vyao. Nje, upande wa ziwa, nilisikia ndege wa gugumaji wakilia. Nikaanza kudhani kwamba ukimya ule ulikuwa ule ule wa zamani, wa rehema, na kwamba tutaondoka hivyo, na Daktari atapanda ofisini kwenda kuongeza mstari mmoja kwenye pendekezo lake.

Ndipo Daktari Wekesa aliposema, "Swichi yangu pia ilikuwa wazi."

Hakuna aliyegeuka. Aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Nilitoka nje kuangalia taa za jengo la utawala. Nilirudi nikakuta mashine yangu inazunguka peke yake, hakuna mtu. Nikaizima, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu." Akaitazama mikono yake. "Kule nilikotoka, yule kijana wa vidole, nilikuwa mwalimu wake. Siku ile hatukukusanyika. Alipelekwa hospitali, sakafu ikaoshwa, na baada ya chakula cha mchana tukaendelea na somo. Mpaka leo sijui alifanya nini na mkono wake, na waliobaki hawakujua. Tuliwaambia tu wawe waangalifu."

Bi. Nafula akasema polepole, "Pole, Daktari." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mtoto wa watu, akaona naye aseme neno, akasema, "Pole sana, Prof," akimpandisha cheo kwa huruma. Watu walicheka kidogo, na Daktari mwenyewe akacheka, akajifuta uso kwa kitambaa kichafu alichofutia mikono, akabaki na alama nyeusi shavuni hadi alasiri.

Usidhani kwamba hapo ndipo mambo yalipomalizika kama katika mawaidha ya Ijumaa. Daktari hakufuta pendekezo lake siku ile. Alisema, "Gia itengenezwe. Mpaka mashine hiyo izunguke, mwanafunzi asiiguse." Likawa neno la haki, nasi tukalikubali. Opiyo na Akinyi walikwenda soko la Kibuye, wakazunguka kwa wauza vyuma vikuukuu, wakarudi na kipande cha mhimili wa lori kilichokuwa kizito kuliko mbuzi. Wenzake wakapokezana. Gia ya kwanza iliharibika kwenye jino la mwisho kabisa: mgawanyo ulikuwa umepotoka kidogo kwa kila jino, na kosa dogo likajikusanya, jino la mwisho likatoka jembamba kama kucha. Akinyi alikaa chini sakafuni. Kisha akainuka, akaiweka hiyo nayo mezani, akaeleza, na safari hii Daktari ndiye aliyeuliza swali. Hakulipatia vizuri, alisema "mikono yake isingeweza," akaongeza "tafadhali" mwishoni. Lakini aliliuliza.

Ya pili ilikaa. Mashine imezunguka, ingawa kwenye mwendo wa tatu huguna kama mzee anayeinuka kitini.

Baraza lilipoketi, Daktari aliwaambia kwamba pendekezo lake amelirudisha. Wakamwuliza kama karakana haijapata ajali. Akasema imepata, na akawaeleza yote, swichi yake ikiwamo. Niliyasikia haya kwa Bi. Nafula, maana fundi haketi barazani. Alisema palikuwa na mzozo mrefu, na mzee mmoja wa kitivo alitaka mstari wa manjano uchorwe hata hivyo; na Daktari akajibu kwamba yeye mwenyewe basi angepaswa kusimama nyuma ya mstari huo. Kwa hiyo asubuhi imebaki ya wanafunzi, alasiri ya wahadhiri, kila mtu kwa mikono yake mwenyewe, kama ulivyoacha. Kimeongezeka kitu kimoja ambacho hukukiacha, nacho ni cha Daktari. Umeme ukikatika, aliye karibu na mlango hupaza sauti, "Swichi!" na kila mtu hujibu kwa jina la mashine yake kwamba ameizima. Hakuna atokaye nje kabla ya hapo. Vijana wamelifanya neno hilo kuwa kibwagizo. Ungelipenda. Ungelisahihisha pia.

Akinyi amehitimu. Mashine yake inakata gugumaji vizuri kwa dakika kadhaa, kisha inaziba, na yeye anajua kwa nini inaziba, jambo ambalo wewe ulilithamini kuliko mashine isiyoziba. Amerudi kwetu kama mkufunzi msaidizi. Huwakemea wasichana wa bangili kwa maneno yako hasa, na sijui kama anajua ni ya nani.

Nimefika mwisho wa taarifa, ndugu yangu, na lipo moja ambalo nimelizunguka tangu nilipochukua kalamu.

Macho yangu yanafifia. Tulipokuwa tukichonga ile gia, alama ndogo za kipimo ziliniingia ukungu, nikamwomba Akinyi anisomee kwa sauti, nikasema nataka azoee. Alisoma, nami nikatikisa kichwa kama mwalimu. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta njia za namna hiyo kila siku, na nimezipata, kwa sababu mtu mzima mwenye mvi hapungukiwi na njia. Wananiamini. Huniletea vipimo vyao nivithibitishe, nami huvithibitisha kwa mazoea. Hakuna kilichovunjika bado. Jana kijana mmoja alisogeza mkono wake karibu na chuma kinachozunguka, nami nilikuwa nimesimama kando yake, sikuuona mpaka alipouondoa.

Nakuahidi, Barnaba. Kesho asubuhi, kabla hawajawasha, nitawaomba wakusanyike. Sitakuwa na chuma cha kuweka juu ya mbao. Nitaweka viganja vyangu, niseme ninavyoona na nisivyoona, kwa sauti ya juu kama watu wa kwenu. Pengine wataniambia niketi stoo na Opiyo, pengine wataniambia nistaafu. Watakalosema nitalipokea. Sitangoja mpaka mtoto wa mtu alipe kwa niaba yangu.

Kuna mwito wa magharibi, wakati unanihimiza. Mola akutendee kwa wema wake, na akikusudia kunikutanisha nawe, basi nikukute huna haraka. Salamu zako nitamfikishia Mama Atieno Jumapili, akitoka kanisani.

Ni mimi ndugu yako,
Ramadhani